Kibandiko Kisichojua Utani

"Mangi, nauli umelipa?" nilimuuliza Elifuraha Temu alipoingiza mguu wa kwanza kwenye behewa.

"Nauli ya nini? Nyie Wapare mmefungiwa kamba hapa kwa sababu hamkuwa na kingine cha kufunga."

"Kamba iko Same, baba, Upareni. Wajenzi walizunguka dunia nzima wakitafuta pa kuianzishia. Wakafika kwenu Machame, wakaona wakiiacha usiku mmoja mtaikata vipande muuze rejareja."

Mafundi waliokuwa wanakagua milango waliangua kicheko, mmoja akadondosha bisibisi. Walishatuzoea. Mimi Namkunda Mgonja ni Mpare wa Usangi, yeye ni Mchaga, Mangi kama machifu wao, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana msamaha. Naweza kumsema vibaya mbele ya mama yake mzazi na mama akanimiminia chai huku anacheka. Miaka yote ya mafunzo tumekaa kiti kwa kiti, na sijawahi kumsifia usoni hata mara moja. Yeye ndiyo usiseme.

Siku hiyo nilikuwa na furaha. Tulikuwa tunapanda Kamba, ile inayotoka ardhini Same mpaka angani! Siyo behewa la mafunzo lile linalofika mawinguni na kurudi. Tulikuwa tunakwenda mpaka Kituo cha Kwanza, kule juu ambako mchana kweupe anga ni jeusi, sisi wawili tu na shehena ya mizigo.

Watu wengi hudhani huko unaelea. Huelei. Anayeelea ni yule anayeizunguka dunia kwa kasi. Sisi tumening'inia kwenye kamba, kwa hiyo uzito wako unao, na chai haimwagiki. Hatari yetu ni nyingine. Upepo ukiigusa kamba chini, mtetemo unapanda. Jua likiipasha juu, mtetemo unashuka. Mitetemo miwili ikikutana hapo hapo behewa lilipo, inaling'oa kwenye kamba. Kwa hiyo dereva mmoja anaisoma mitetemo kwenye kioo, mwingine anashika breki. Mimi ni breki. Elifuraha ndiye msomaji, na mnajua nini? Hakuna anayemfikia. Nikisema hivyo hapa ni kwa sababu hanisikii.

Na huyu msomaji hodari ana upungufu wa umakini. Anao tangu utotoni. Walimu waliuita utukutu, wakautibu kwa fimbo. Aliniambia kichwa chake kilikuwa kama gulio siku ya Jumamosi, kila mtu anamwita aje kwenye meza yake. Alifukuzwa kazi tatu, na ya nne aliisahau tu, akaenda kwingine. Kisha akapata dawa. Ajabu ya dawa hiyo ni kwamba ni ya kuchangamsha: mwingine akiimeza atakesha anapanga viatu, lakini Elifuraha akiimeza anatulia. Siku ya kwanza aliyoinywa, alimsikiliza mama yake mpaka mwisho wa hadithi.

"Ndiyo nikagundua mama yangu ni mcheshi," aliniambia. "Miaka yote ile, Namkunda, nilikuwa sijui."

Siku hizi dawa haimezwi. Inakaa kwenye kibandiko, ukubwa wa kifuniko cha soda, chini ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, nayo inaingia mwilini kidogo kidogo. Asubuhi ile alikuwa amebandikwa toleo jipya. Toleo jipya lina sikio. Linamsikiliza mwenye nalo na anayeongea naye, linapima mwendo wa maneno, nani anamkatiza nani, sauti imepanda kiasi gani. Halijui unasema nini, linajua unasemaje. Likiona umakini unapotea, linaongeza dozi lenyewe.

Sheria ya Kamba ni fupi. Msomaji mwenye kibandiko hakitoi mpaka safari iishe. Kikitolewa njiani kwa dharura, leseni yake inafutwa na hakuna rufaa. Ufunguo wa kukifungua anakaa nao mwenzake. Kwa hiyo nilikuwa nao mimi, shingoni.

Elifuraha alifunga mkanda, akauangalia ule ufunguo, akaacha kucheka.

"Mtani, hata iweje, usinitoe hiki kitu."

"Hata ukifa?"

"Hata nikifa. Nizikwe nacho. Najua utataka kukirithi."

"Sawa," nikasema, na behewa likaondoka.

*

Jamani, raha! Mashamba ya mkonge yalijikunja yakawa kitambaa cha kushonea, Milima ya Upare ikalala chini, na Kilimanjaro ukabaki kinundu cheupe.

"Uangalie mlima wenu ulivyo mdogo!" nilipiga kelele.

"Mdogo lakini upo! Nyie mlima wenu uko wapi? Siuoni!"

"Umefunikwa na wivu wako!"

Kibandiko kikalia. Ti. Kaalama kake ka kijani kakawa ka njano.

"Kinasemaje hicho?"

"Kimeshangaa kumwona Mpare angani," alisema, tukacheka. Ti. Ti.

Sikujali. Tulipita mawingu, anga likaanza kuiva, bluu ikawa nzito. Tukaendelea kurushiana maneno kama kawaida yetu, mmoja hajamaliza mwingine ameshadaka, sauti juu. Na kila tulipocheka kile kidude kiliitikia. Baada ya muda nikaona kwamba mwenzangu hajibu.

Alikuwa amekodolea macho mtetemo mmoja kwenye kioo, mdogo, usio na madhara, anaufuata kwa kidole. Juu yake ulikuwa unakua mwingine, mkubwa kama paa la nyumba.

"Mangi! Huo wa juu!"

Hakuuona. Nilivuta breki mwenyewe kwa kubahatisha, behewa likaruka, meno yangu yakagongana. Tukasalimika. Nikamgeukia. Shati lilikuwa limelowa, na pale pembeni ya kioo panapoonyesha moyo wake palisomeka mapigo mia moja na hamsini. Mtu amekaa kitini!

"Moyo wangu unakimbia," alisema, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Namkunda, huu mtetemo ni mzuri sana."

Niliita chini. Wakaniunganisha na fundi wa kiwanda cha vibandiko, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha darasani.

"Kifaa kiko sahihi, dada," akaniambia. "Kinasikia mgonjwa anakatiza maneno, anapaza sauti, anacheka bila sababu. Ni dalili. Kinaongeza dawa."

"Bila sababu? Tunataniana!"

"Samahani, mnafanya nini?"

"Utani! Ni mtani wangu!"

"Kwa kifaa hiyo ni dalili," akasema. "Sikio haliwezi kuzimwa kutoka huku. Ukiogopa, tumia ufunguo. Uamuzi ni wa mwenza. Au mwambie atulie."

Mwambie atulie! Mtu ameambiwa atulie tangu darasa la kwanza!

Basi nikaelewa. Dozi zile zote nilimpa mimi kwa mdomo wangu. Kila nilipomchokoza akajibu, kidude kilisikia mgonjwa anaharibika. Kumbe dawa haiendeshwi na daktari, inaendeshwa na utani wetu. Nikajiambia, acha utani mara moja, ongea kistaarabu, kitapunguza. Nikakohoa, nikanyoosha mgongo.

"Bwana Temu," nikasema taratibu, "naomba upumue polepole, tafadhali."

Alinigeukia kwa macho yaliyotoka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bwana Temu."

"Ni mama? Wamekupigia? Sema!"

"Bwana Temu, nakuhakikishia..."

"Umeniita Bwana!" alipiga kelele. "Mara tatu! Mtani wangu ananiita Bwana na kuniomba tafadhali, halafu aseme hakuna msiba? Namkunda, niambie mama yangu amefanya nini!"

Ti. Ti. Ti. Mia moja na sitini na tano.

*

Nikaushika ufunguo. Yeye akanishika mkono.

Vidole vyake vilikuwa vya moto, na alinishika kweli kweli.

"Usinitoe," alisema. "Wakinifutia leseni narudi kule. Unajua kule kulivyo? Hujui. Nitasahau jiko, nitasahau kazi, nitamkatiza mama kila anapofungua mdomo."

"Dawa utapata, baba, hata ukiwa huendeshi."

"Dawa ya bure ni ya madereva tu. Na hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kumaliza. Hiki! Kusoma kamba! Uliniahidi, Namkunda."

Haya, niambieni nyie mliokaa chini mkinywa soda. Moyo ni wake. Kazi ni yake. Amesema hapana, akiwa na akili zake, asubuhi ile na sasa hivi. Lakini akili za sasa hivi ni zake au ni za kibandiko? Na mimi ni nani wa kumchagulia? Nikikitoa, anaishi na maisha aliyoyachukia. Nikikiacha, pengine moyo unasimama hapa hapa, nami nina ufunguo mkononi. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia fundi, na zaidi ya wote yule aliyetengeneza sikio lisilowahi kukaa na watu wanaopendana.

Halafu likanijia. Halijui unasema nini, linajua unasemaje!

Nikaachia ufunguo. Nikavuta pumzi, nikaishusha sauti mpaka tumboni, ile sauti ya redio saa ya matangazo ya vifo, ambayo hata ng'ombe zizini wakiisikia wanaacha kutafuna.

"Familia ya Temu, wa Machame," nikaanza, neno moja moja, "inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao mpendwa, Elifuraha, kilichotokea ghafla, baada ya kuonyeshwa kadi ya mchango wa harusi."

Akanikodolea macho.

"Marehemu alikuwa ameanza kupata nafuu. Lakini hali yake ilibadilika, alipoambiwa, kwamba kadi ni ya watu wawili."

Mdomo wake ulianza kucheza. Akaelewa! Nilimwona ameelewa: msiba ulikuwa wa kwake, yaani hakuna msiba, mtani wake yupo na mama yake yu hai. Mabega yakashuka. Kibandiko nacho kilisikia nini? Mwanamke mtulivu anasoma, mwanamume mtulivu anasikiliza, hakuna anayemkatiza mwenzake. Kikanyamaza. Mia moja na hamsini na nane. Mia moja na hamsini.

Nilitaka kurukaruka. Inafanya kazi! Inafanya kazi, jamani! Nikashika breki kwa mkono mmoja, macho kwenye kioo, nikaendelea kwa huzuni kubwa.

"Habari ziwafikie wajomba zake wote wenye maduka Kariakoo, ambao wanaombwa kufunga maduka kwa dakika moja. Ikishindikana, nusu dakika."

Elifuraha aliuma mdomo wa chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alitikisa kichwa, ananisihi kwa macho niache, ananisihi kwa macho niendelee. Mia moja na arobaini na mbili.

"Mwili wa marehemu utasafirishwa kwa behewa la mizigo, kama alivyoagiza mwenyewe, baada ya kulinganisha bei."

Mia moja na thelathini na tano! Ningeishia hapo. Kwa nini sikuishia hapo? Kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu tangazo halijaisha mpaka watani watajwe.

"Watani kutoka Upareni watapokelewa msibani kwa supu. Watani wanakumbushwa. Supu. Inauzwa."

Alipasuka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kifuani, kikajaza behewa lote, akajikunja anapiga mapaja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Kibandiko kikalia mlio mmoja mrefu usiokatika.

Akaacha kucheka ghafla. Akashika kifua. Midomo ikabadilika rangi mbele ya macho yangu, namba kwenye kioo zikaruka mpaka zikawa hazisomeki, mara kubwa, mara ndogo, mara kubwa. Alijaribu kusema. Aliinua mkono kuushika wangu, ukamwangukia mapajani.

Sikufikiri tena. Nilichana shati, nikachomeka ufunguo, nikazungusha.

"Usi..." alisema.

Kikatoka na ngozi kidogo. Nikakitupa sakafuni, nikakikanyaga, mlio ukakatika. Nikakilaza kiti chake, nikamwagia maji ya kunywa usoni na kifuani, nikawa naita jina lake, siyo Mangi, jina lake. Moyo ulikwenda shaghalabaghala kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha ukaanza kushika mstari.

Alifumbua macho, akakiona kile kidude kilichopasuka.

"Nilikukataza."

"Najua."

"Ungeniacha."

"Nisingeweza."

"Haikuwa yako kuweza au kutoweza, Namkunda. Ilikuwa yangu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nililia, na makamasi, mkono kwenye breki. Yeye akageuza uso dirishani, nje anga limeshakuwa jeusi tii na nyota zimejaa mchana. Hakuna aliyeziangalia.

"Breki," alisema baadaye.

"Nini?"

"Miwili inakuja. Wa juu na wa chini. Legeza... legeza... sasa!"

Nikavuta. Mitetemo ikapishana mita chache chini ya miguu yetu, behewa likayumba tu kidogo, tukaendelea kupanda. Dawa ilikuwa ingali nyingi mwilini mwake. Alisoma kamba mpaka juu bila kukosea, bila neno jingine ila "legeza" na "sasa".

*

Mlango ulipofunguka Kituo cha Kwanza, aliyetupokea ni Daktari Sayi, mama wa Kisukuma mwenye miwani, ambaye ndiye mkuu wa afya huko na ndiye mwenye sauti juu ya leseni. Alimpima Elifuraha pale pale mlangoni, akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Utaishi," alisema. Kisha akakiokota kibandiko. "Nani amekitoa?"

Nilijua jibu. Mwenza amekitoa kwa dharura. Ukweli mtupu, mimi nasifiwa, yeye anafutiwa leseni. Elifuraha aliinamisha kichwa kuisubiri hukumu.

"Hakikutolewa, daktari," nikasema. "Nimemnyang'anya."

"Umefanyaje?"

"Nimemnyang'anya. Huyu ni mtani wangu. Nilikiona, nikakipenda, nikakichukua. Ndivyo tunavyofanya."

Daktari Sayi alivua miwani. Kwao pia wana watani; alijua vizuri kwamba mtani akibeba jogoo wako humwiti mwizi. Alijua pia Sheria ya Kamba, ukurasa wa pili, panaposema anayegusa dawa ya mwenzake bila dharura, leseni inayofutwa ni ya mgusaji.

"Namkunda, unaelewa unachokisema?"

"Naelewa."

"Muongo!" Elifuraha alinyanyuka kutoka kwenye machela, mashine zikaanza kulia. "Daktari, usimsikilize! Nilikuwa nakufa, akaniokoa! Huyu ni Mpare, anatafuta kesi tu! Hawa hawalali vizuri mpaka wawe na kesi mahakamani!"

"Ninayo sasa," nikamwambia. "Usiniharibie."

"Ni dharura! Andika dharura!"

"Ni wizi! Andika wizi, mama!"

Tulipigiana kelele usoni, kila mmoja anagombea kosa, mpaka wauguzi wakatoka vyumbani kuangalia. Daktari alituacha tumalize pumzi. Nilimwona anatazama namba za moyo wa Elifuraha zilizobaki kwenye kioo cha behewa, zilivyoshuka wakati wa lile tangazo na zilivyoruka mwisho. Alizitazama sana.

"Masikio ya vibandiko vyote yazimwe leo," aliwaambia wasaidizi wake. "Na aliyeyatengeneza kule kiwandani aje Same akae msibani na harusini, ajifunze watu wanavyoongea." Kisha akanyoosha mkono kwangu. "Beji yako ya leseni, binti yangu."

Nilimpa. Nilidhani nitakuwa jasiri. Sikuwa. Iliponitoka shingoni nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya watu, nikaenda kukaa nyuma ya masanduku ya unga nikalia kama mtoto.

Elifuraha alilazwa mpaka dawa ikamtoka yote. Kisha Daktari Sayi akampa vidonge, vile vya zamani, vya kumeza na maji, visivyosikia lolote. Siku ya kushuka aliingia behewani akakaa kwenye kiti chake. Kwenye kiti changu akakaa dereva wa akiba, mama mmoja mkimya kutoka Lindi. Mimi niliwekwa nyuma, na mizigo.

Hakunitazama. Hakuwa amenisemesha tangu siku ile, na nilishajiandaa kushuka hivyo hivyo mpaka ardhini. Behewa likaanza kutetemeka. Kipaza sauti juu ya kichwa changu kikakohoa, ikatoka sauti ya redio, nzito, ya huzuni, neno moja moja.

"Tangazo kwa abiria. Abiria mmoja, kutoka Usangi, aliyepanda bila nauli, anaombwa aache kulia. Analowanisha mizigo ya watu."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamtukana kwa sauti yangu yote, yeye na ukoo wake na mlima wao, naye akanikatiza kabla sijamaliza.